Anwani ya Desemba

Aikande mwanangu,

Sitakuuliza hali. Nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi, na mama yako anakwambia utoe viatu uweke sweta. Ni saa kumi jioni. Nimefunga kibanda mapema, wateja wamekuta kufuli, na wakae hivyo hivyo na simu zao mbovu mpaka keshokutwa. Hakuna hata mmoja atakayekufa.

Mambo ya kula, kuvaa na kutunza pasipoti sitayagusa. Mama yako ameyaandika kwenye karatasi, mbele na nyuma, na wewe umeshaicheka hiyo karatasi. Nilikusikia. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu hicho kicheko.

Kesho unapanda ndege kwenda Pune huko India kusomea kompyuta miaka mitatu, na vitabu, na walimu, na cheti chenye muhuri. Mimi kazi hiyo niliiiba kwa macho. Ile miaka soko lilipofunguliwa, kila mtu mjini aligeuka mfanyabiashara, na kila mfanyabiashara alitaka kompyuta. Zilikuwa zinashuka kutoka Dubai zimechoka, nyingine zina mchanga ndani, na watu wanazigombania. Bosi wa Kariakoo akishanunua yake anaiweka mezani, anaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, kisha anaitazama. Kuiwasha hajui. Akija mgeni ndipo kitambaa kinafunuliwa. Niliwadharau sana watu hao. Bado nawadharau kidogo, ila siku hizi naanza na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na shati moja jeupe, tai moja, na kadi zilizoandikwa Mhandisi wa Kompyuta. Uhandisi gani? Nilikaa miezi minne nyuma ya mgongo wa jamaa mmoja Mtaa wa Aggrey nikiangalia anavyobonyeza, basi. Lakini mji huu ukivaa tai na kununa, watu wanakuamini. Ukicheka tu wanaanza kukupangia bei. Kwa hiyo nikanuna. Nikanuna mwaka wa kwanza, nikanuna wa pili, mpaka sura ikazoea. Itazame ile picha ya harusi yetu utaona.

Sasa, barua pepe. Wewe umezaliwa umeikuta, hujui ilivyokuwa. Duka zima lilikuwa na anwani moja, na barua zilivutwa mara mbili kwa siku kwa waya wa simu, mashine inalia kama inakabwa koo. Zilikaa kwenye programu ndani ya kompyuta ile ile, na programu hiyo ilikuwa na jambo moja lililowafurahisha watu kuliko yote: ukianza kuandika jina la mtu, herufi mbili tatu, inakumalizia yenyewe. Anwani iko nyuma ya jina, wala huioni. Unabonyeza, barua inaenda. Mabosi walisema mashine ina akili. Akili wapi. Ilikuwa orodha tu, faili dogo linalotunza watu uliowahi kuwaandikia, na yule uliyemwandikia karibuni anakaa juu. Umeme ukikatika wakati faili hilo linaandikwa, linaharibika. Kesho yake unagonga herufi, mashine inakukodolea macho.

Ndivyo ilivyotokea dukani kwa Bwana Hasmukh. Alikuwa Mhindi wa familia ya vitambaa tangu babu yake, anauza jumla, mzigo wake mkubwa ukiwa vitambaa vya sare za shule. Wateja wake walikuwa mikoani: Mbeya, Songea, Dodoma. Mwezi Novemba umeme ulikatika mara tatu siku moja, na orodha ikafa. Akaitwa fundi, nikaja na tai yangu.

Karani wa duka alikuwa dada mmoja wa Kibosho, mwembamba, peni nyuma ya sikio. Jina lake Salome. Ndiyo, mama yako. Usirukie mbele, soma taratibu.

Orodha iliyokufa hairudi nzima, Aika. Unaijenga upya. Faili la zamani nililinakili kwanza kwenye flopi, ile diski ya plastiki ya siku zile, kwa tahadhari, halafu nikaanza kufungua barua zilizokwisha kutumwa, moja moja, natoa jina na anwani, naandika upya. Kazi ya siku mbili. Nakwambia ukweli, niliifanya vizuri, na sijui kama leo kuna mtu ana subira hiyo. Mama yako alikaa kwenye stuli pembeni ananieleza nani ni nani. Mimi nilikuwa sisikilizi, nilikuwa namcheka.

"Baba Glory Mapazia ndiyo nani?" nikamuuliza.

"Ni Baba Glory. Anauza mapazia."

"Hana jina huyu?"

"Analo. Lakini mimi nikiandika jina lake la karatasini, simjui ni nani."

"Na hizi Desemba? Naona Mushi, halafu Mushi Desemba. Kimaro, halafu Kimaro Desemba. Temu naye."

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linawaka. Akanieleza. Hao wote ni Wachaga wenye maduka mikoani. Ikifika katikati ya Desemba wanafunga, kufuli mlangoni, wanapanda kwao Kilimanjaro, na hawarudi mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Barua ukiituma dukani itakaa huko mpaka Januari. Simu za mkononi kule migombani zilikuwa hazishiki. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa ameacha anwani ya pili, ya ndugu yake aliye Moshi mjini. Ya Mzee Mushi wa Mbeya ilikuwa ya mpwa wake, karani wa ofisi fulani, ambaye akipata barua anaichapa, anaikunja mfukoni, anampelekea mjomba Kibosho mkononi. Mama yako ndiye aliyeutunga mpango huo wote. Hakuna aliyemfundisha. Ni binti wa huko, alijua watu wake wanaishije.

Na mimi, mtoto wa Ilala, mhandisi wa miezi minne, nikaona uchafu. Jina moja mara mbili! Nikaona ushamba wa mtu wa daftari aliyepewa kompyuta. Basi nikaisafisha. Baba Glory nikampa jina lake la kanisani. Desemba zote nikazifuta. Mtu mmoja, jina moja, anwani moja. Orodha ikanyooka vizuri sana. Ningeweza kuitundika ukutani.

Siku ya pili jioni akakaa kwenye kiti chake, akagonga herufi kadhaa, akageuka.

"Fundi, Desemba zangu ziko wapi?"

"Dada, hii ni kompyuta. Siyo daftari la kibanda cha mkaa."

Bwana Hasmukh akacheka. Nikajisikia mtu mzima.

"Na Desemba ikifika?" mama yako akauliza.

"Nimeshapanga. Wewe andika jina, mashine inajua pa kupeleka."

Haikuwa inajua kitu. Nilisema hivyo kwa sababu bosi alikuwa anacheka na mimi nilitaka aendelee kucheka. Hicho ndicho kisa chote, Aika. Sikuwa na njaa siku hiyo, wala sikulazimishwa na mtu.

Desemba ikafika, mzigo wa vitambaa vya sare ukashuka bandarini. Kulikuwa na utaratibu wa miaka mingi: Mzee Mushi anaandikiwa wa kwanza, ana siku tatu za kujibu, asipojibu mzigo unaenda kwa mwingine. Mama yako akaandika barua, akagonga herufi tatu, jina likajimalizia, akabonyeza. Barua ikaenda Mbeya, kwenye duka lenye kufuli. Mzee Mushi alikuwa Kibosho anakula ndizi na wajukuu, anamsubiri mpwa wake alete karatasi. Siku tatu zikapita. Bwana Hasmukh akasubiri na ya nne kwa heshima, halafu akauza.

Januari mzee alikuja mwenyewe Kariakoo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye robota la vitambaa karibu na mlango, kofia magotini, akauliza alikuwa amemkosea nini Hasmukh. Shule nne zilikuwa zinamsubiri. Alisema ameaibika mbele ya walimu wakuu aliosoma nao. Halafu akaondoka, na hakurudi tena kwenye duka lile.

Nikaitwa. Bwana Hasmukh alitaka kujua kosa ni la mashine au la mtu.

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Nilijua kabla sijakaa. Nikaomba waniachie chumba nipime, wakatoka wote wawili. Nikaitoa flopi mkobani, nikalifungua lile faili la zamani. Sehemu kubwa ilikuwa takataka, lakini Mushi Desemba alikuwa mle, mzima. Nikaichukua anwani ya mpwa wake, nikaiweka chini ya jina la Mzee Mushi, ya pili. Nikamwekea na Kimaro yake, na Temu, wasije wakaniumbua. Dakika kumi tu. Nikafuta jasho kwa ile tai, nikawaita.

"Bosi, mashine iko sawa," nikasema. "Anwani zote mbili zimo. Ya dukani hii, ya pili hii hapa. Nilisema mashine inajua, na kweli zimo; karani alitakiwa achague."

Mama yako akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Haikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo."

"Fundi, mimi niliangalia."

"Dada, mashine haina sababu ya kukusingizia."

Akaweka kidole juu ya kioo, pale pale kwenye ile anwani, akakiacha hapo. Nilimwona anatafuta, akilini mwake, siku ile ya Desemba, na haipati. Mwisho akasema polepole, "Basi ni macho yangu." Akaitoa peni nyuma ya sikio akaiweka mezani, akaenda kuchukua kibegi chake.

Bwana Hasmukh hakuwa mkatili. Alimwambia, "Salome, baba yangu alimuuzia Mushi kitambaa mimi sijazaliwa. Nitamwambia nini baba yangu?" Akamlipa mpaka mwisho wa mwezi. Na mimi akanisifu kwa wenzake, nikapata maduka mengine matano mtaa ule ule. Ukiuliza kibanda changu kilitoka wapi, ndipo kilipotoka.

Niliwahi kuona mafundi waongo mjini hapa. Wanaokubadilishia kifaa kizima wakakurudishia kibovu, wanaokwambia kompyuta ina virusi kumbe wamechomoa waya. Nawadharau, umenisikia nikiwatukana mezani miaka yote. Lakini wao waliiba vifaa. Mimi nilimwambia mtu mwenye macho mazima kwamba haoni, na akaniamini kwa kuwa nilikuwa nimevaa tai.

Wiki mbili baadaye nikaenda Ilala, kwa shangazi yake alikohamia, kwenye ushonaji. Nilijiambia naenda kumweleza. Nikasema napita tu. Akanitengenezea chai, akanishukuru kwa kuja, eti watu wote wa duka walikuwa wamemsahau isipokuwa mimi. Halafu akaniuliza kama kuna ugonjwa wa namna hiyo, mtu aangalie kitu asikione. Alikuwa ameshaenda hospitali kupima.

"Daktari anasema macho ni mazima," akaniambia. "Basi kumbe ni kichwa."

Na mimi nikanywa chai. Nikanywa mpaka ikaisha, nikaongezewa.

Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mwanzoni ilikuwa hofu, halafu ikawa nampenda, na hilo usilitilie shaka hata siku moja. Lakini kadiri nilivyompenda ndivyo maneno yalivyokuwa mazito. Nilipanga kumwambia kabla ya posa. Halafu kabla ya harusi. Halafu ukaja tumboni wewe, nikasema asishtuke. Halafu ukazaliwa, nikasema amechoka. Kila mwaka ulikuwa na udhuru wake, na mimi kwa udhuru sijawahi kupungukiwa.

Sasa fikiria mama yako unayemjua. Hajagusa tena kompyuta. Akitaka kutuma hela kwa simu anaisoma namba kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, halafu anakuita wewe umsomee ya nne. Akipima kitambaa cha mteja anapima mara tatu. Akifunga mlango anarudi kuutikisa. Nani alianza kumtania humu ndani? Ni mimi. "Mama Aika bwana, anasoma namba kama anahubiri." Wewe ulikuwa na miaka minne, ukacheka kwa sababu baba anacheka. Mimi nilicheka kwa sababu likiwa utani, linakuwa tabia yake, haliwi kosa langu.

Mwezi uliopita alikuwa amekaa kwenye kochi anatuma ada yako ya maombi. Amefika mara ya pili ya kusoma. Ukampokonya simu mkononi, ukamwambia, "Lete mimi, we utakosea tu." Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Na yeye akakuachia. Akaweka mikono magotini, akasema, "Haya, tuma wewe." Mimi nilikuwa mlangoni na chaja shingoni, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nicheke.

Ile sauti yako naijua, Aika. Ni yangu. Ni ile ya daftari la kibanda cha mkaa.

Sina mawaidha. Mtu aliyefanya niliyofanya akitoa mawaidha anastahili kuzomewa hadharani. Ila unaenda kukaa mbele ya mashine za watu, na utakutana na mtu amepanga vitu vyake kwa namna itakayokuchekesha. Majina ya ajabu, vitu viwili viwili. Muulize kwa nini. Akikujibu, nyamaza kidogo. Mimi nilijibiwa, nikiwa nimekaa pale pale, na kwa sauti ya upole, na sikusikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza bosi anavyocheka.

Na kama ukishaharibu, useme siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo ni kazi tu inapotea. Baada ya hapo inabidi uoe, uzae, ujenge, na lile jambo limekaa na nyinyi mezani kila siku ya Mungu.

Ile flopi ninayo. Iko kwenye sanduku la vifaa, chini ya bisibisi, siku zote hizo, na mama yako ameshalihamisha sanduku hilo nyumba tatu. Nimeitoa leo. Sina mashine ya kuisoma, nchi nzima sijui nani anayo, lakini ina karatasi juu nimeandika kwa mkono wangu: Hasmukh, orodha ya zamani. Naiweka juu ya barua hii.

Barua siifungi. Nikimaliza mstari huu nitatoka nimpe mama yako, aisome yeye kwanza, na mimi nitakaa pale pale kwenye kochi. Sitaenda kibandani. Akiichana ni haki yake, na wewe utaondoka ukijua tu kwamba baba yako alikuwa mtu wa kununa. Begi lako anapanga yeye. Kwa hiyo ukiikuta humo, ujue si mimi niliyeitia.

Mimi baba yako,
fundi

*

Aika,

Nimeisoma mara tatu. Sweta lako liko chini kabisa, pasipoti mfuko wa mbele.

Kuna mahali amekosea. Ile peni sikuiweka mezani. Aliniomba aandikie risiti yake, nikampa, akaondoka nayo. Ilikuwa ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Nakumbuka vizuri kabisa.

Yuko kwenye kochi hapo. Bado sijamjibu.

Mama